Maswali yenu kuhusu Cluny, abasia iliyouzwa jiwe kwa jiwe

Tangu nigusie ile abasia (monasteri inayoongozwa na abate) ya Cluny ya Ufaransa maswali yamekuja mengi, nimechukua machache niyajibu moja moja.

Ilianzaje, na ilikuwa na nini cha ajabu? (Msomaji, Songea)

Nyie wa Songea Peramiho mnaijua, basi kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata Wabenediktini wa pale ndo hiyohiyo waliyoifuata wamonaki wa Cluny. Mwaka 910 William, mtawala wa Aquitaine, alitoa ardhi yake kule Burgundy ijengwe monasteri, alafu akaandika kwenye hati kwamba kuanzia siku hiyo si yeye, si ndugu zake, si mfalme wala askofu atakayegusa mali ile, ni ya Mitume Petro na Paulo na mlinzi wake ni Papa, na Berno, abate wa kwanza, akifa wamonaki watachagua abate wao wenyewe. Kwangu mimi siri yote ya Cluny ipo hapo, maana enzi zile tajiri akiwapa watawa shamba leo, kesho anataka mtoto wa ndugu yake awe abate.

Kweli kanisa lao lilikuwa kubwa kuliko yote? Hela walitoa wapi?

Kweli kabisa. Kanisa la tatu kujengwa pale lilianzwa 1088 chini ya Abate Hugo, likafika mita 187 kwa urefu, na hakuna kanisa Ulaya lililolizidi mpaka Basilika ya Mt. Petro ilipojengwa upya Roma miaka mia kadhaa baadaye. Hela nyingi ilitoka Hispania, mfalme Alfonso VI alikuwa anawatumia dhahabu kila mwaka, dhahabu ambayo yeye mwenyewe aliitoza kwa watawala Waislamu wa kusini, na ilipokuja kukatika Cluny wakabaki na ujenzi mkubwa na madeni.

Kama wamonaki walikaa kimya, mezani mtu anaombaje kitu?

Kwa ishara za mikono. Ukitaka samaki unachezesha mkono kama mkia wake majini, ukitaka maziwa unaweka kidole kidogo mdomoni kama mtoto anayenyonya. Ishara ziliandikwa kwenye orodha na mmonaki mpya alijifunza zote.

Nasikia hao ndo waliotafsiri Qurani kwa Kilatini, ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Kazi yenyewe ilifanyika Hispania, ila aliyeiagiza na kuilipia ni abate wa Cluny, Petrus Venerabilis, aliyesafiri huko 1142. Mfasiri alikuwa Mwingereza Robert wa Ketton, akamaliza 1143, na kwenye kikosi cha watafsiri alikuwepo Muislamu mmoja aliyeitwa Muhammad. Nia ya abate ilikuwa kuupinga Uislamu, hilo tusilifiche. Lakini kumbuka Papa Urbano II aliyeitisha vita vya kwanza vya msalaba alikuwa mmonaki wa Cluny hiyohiyo, na huyu Petrus akaja kuandika kwamba yeye anawaendea Waislamu kwa maneno, sio kwa silaha. Mi naona hiyo ni hatua, hata kama ilikuwa ndogo.

Nani aliibomoa? Vita?

Ndugu yangu, hapa ndo panaponiuma. Mwaka 1562, kwenye vita vya dini, Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, waliivamia wakapora maktaba, lakini kanisa lilibaki limesimama. Kilichoidhoofisha polepole ni ile hati ya 910 kusahaulika, wafalme wakaanza kuwapa abasia vigogo wao, hata Richelieu na Mazarin walikuwa maabate wa Cluny, yaani mtu anaendesha serikali Paris huku jina lake ndo la abate na mapato anakula. Yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, watawa wakatawanywa, na 1798 serikali ikaiuza kwa wafanyabiashara, nao walichokuwa wanakitaka ni mawe tu. Wakapitisha barabara katikati ya kanisa, wakalipua minara kwa baruti, watu wakabeba mawe wakajengea nyumba zao, ikaendelea hivyo mpaka 1823 hivi. Miaka ishirini na tano, mchana kweupe, na hakukuwa na vita wala tetemeko!

Sisi inatuhusu nini?

Kama ni Mkatoliki, kila tarehe 2 Novemba unapoenda kuwaombea Marehemu Wote unafuata agizo ambalo Abate Odilo wa Cluny aliwapa wamonaki wake karibu mwaka 1030, likasambaa Kanisa zima.

Bado kuna cha kuona?

Kipo. Kanisa limebaki chini ya asilimia 10, hasa mkono mmoja wa kusini (kanisa lilijengwa kwa umbo la msalaba) na mnara wake wa pembe nane, ukisimama ndani ukaangalia juu unapata picha lote lilikuwaje. Mmarekani Kenneth Conant alianza kuchimba pale 1928 akatumia zaidi ya miaka ishirini kufuatilia misingi ya kuta ambazo hazipo. Na usiondoke bila kuingia ghala la unga la watawa, ndani yake wameweka vichwa vya nguzo zilizozunguka altare, vingine vimechongwa mito ya Paradiso, vingine sauti za nyimbo walizokuwa wanaimba.