Wembe wa kukunja na joto: moto unaua chuma, maji yanaua makali

Mkuu uliyeuliza kama unaweza kuua vijidudu kwenye wembe wako wa kukunja, ule wa Solingen (mji wa Ujerumani unaosifika kwa nyembe) ulioachiwa na babu, kwa kuupitisha kwenye moto wa jiko la gesi: usithubutu aisee. Nanoa hizi nyembe za zamani, zangu na za watu, na wembe uliopigwa moto ndio unaonikatisha tamaa kuliko hata wenye kutu.

Watu wanachanganya joto na moto. Nyembe nyingi za zamani za Solingen na za Sheffield kule Uingereza ni chuma cha kaboni, kaboni yenyewe kama asilimia 1. Kiwandani kinapashwa mpaka kiwe chekundu, kinapozwa ghafla, hapo kinakuwa kigumu ila kinavunjika hovyo, ndo wanakipasha tena taratibu kwenye digrii 150 mpaka 200 hivi kupunguza kule kuvunjika hovyo. Hilo joto la pili ndo mpaka wako, ukilipita chuma kinaanza kulainika. Sasa otoklevu ya hospitali, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha, inafanya kazi digrii 121 kwa dakika 15 na kuendelea, au 134 kwa dakika chache, kwa hiyo wanaosema inalainisha wembe wanabahatisha tu. Joto kavu la oveni ndo la kuogopa kidogo maana linataka digrii 160 kwa saa 2 au 170 kwa saa 1, hapo unacheza mpakani, na oveni za nyumbani ukiseti 160 zinaweza kupanda zaidi kabla hazijajizima.

Moto wa gesi sasa. Makali ni membamba mno, joto halina pa kukimbilia, mgongo wa wembe bado unaushika kwa mkono kumbe makali yashafika digrii 300. Chuma chenyewe kinakwambia kwa rangi, kinaanza njano, kahawia, zambarau, halafu bluu, na ukishaona bluu imeisha hiyo. Jamaa mmoja aliniletea wa kwake una ukanda wa bluu karibu na ncha, upana kama punje ya mchele. Kwenye kinoo sehemu zingine zilikubali vizuri, pale penye bluu panatoa unyuzi wa chuma tu, ukinoa upande huu unalalia kule, ukigeuza unarudi huku, haukatiki. Ukijaribu kwenye nywele za mkono wembe wote unanyoa ila ukifika pale unateleza. Kinoo hakirudishi ugumu, ilibidi nisage mpaka bluu yote iishe na wembe ukabaki mwembamba kinoma.

Otoklevu na sufuria shida yake ni nyingine, maji. Mvuke ukikaukia kwenye makali unaacha vitundu vya kutu ambavyo kwa macho huvioni ila shavu litaviona. Halafu mpini, jamani angalieni mpini! Nyingi za zamani ni seluloidi, inalegea hata kabla maji hayajachemka na ikiguswa na moto inawaka haraka sana, pembe nayo inapinda, mbao inapasuka. Kama lazima uchemshe, toa pini inayoshika chuma kwenye mpini, chemsha chuma peke yake kwa maji ya betri (yale maji safi, sio asidi!), toa kikiwa bado cha moto, futa hapo hapo, pakaa mafuta ya cherehani. Na ujue kuchemsha hakuui mbegu za vijidudu sugu kama vya pepopunda, tena mliopo Arusha maji yanachemka kwenye digrii 95 tu. Presha kuka nzuri inafika karibu na otoklevu lakini haina kipimo cha kukuhakikishia, mimi siwezi kuiamini kwa kichwa cha mtu mwingine.

Jik usiguse kabisa, klorini inakula chuma cha kaboni fasta.

Kama wembe unautumia wewe peke yako hiyo otoklevu ya nini? Sabuni na maji uvuguvugu, kausha mpaka kwenye kiungo cha pini, futa kwa spiriti ya asilimia 70, mafuta kidogo, basi. Ila kama una saluni na unanyoa wateja, wa babu uache nyumbani, tumia ule wa kubadilisha wembe, kila kichwa na wembe wake mpya mteja akiuona unafunguliwa, ukimaliza tupa kwenye chupa ngumu yenye kifuniko sio kwenye mfuko wa taka, na kile kishikio nacho kioshe kisha kiloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya mteja anayefuata.