Nyuzi za gitaa kwenye baridi na mvua za Nyanda za Juu: ipi inarudisha pesa yake

Shika gitaa kavu (lisilo la umeme) ambalo nyuzi zake zina miezi mitatu. Legeza kidogo uzi wa nne, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba chini yake, upande unaotazama shingo, kutoka freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza hadi ya saba. Juu ya kila freti ukucha utakwama kidogo. Pale unapokwama pana kishimo: freti imeula uzi mahali unapobonyezwa kila siku. Uzi wenye vishimo hauna unene mmoja tena, kwa hiyo hata ukiutyuni sawasawa ukiwa wazi, bila kubonyezwa, ukibonyeza freti ya saba utatoka nje ya sauti. Hapo ndipo watu huanza kulaumu tyuna (kifaa cha kupimia sauti), au gitaa, au sauti ya pili ya kwaya. Gitaa halina kosa. Uzi umekwisha, ingawa haujakatika.

Tunaanza na ukucha kwa sababu kwenye kwaya na bendi nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe uzi hubadilishwa pale tu unapokatika, na nyuzi nzuri huhesabiwa kuwa zile zisizokatika. Hesabu hiyo inapoteza pesa. Nyuzi zilizokaa mwaka mzima bila kukatika, huku zimekufa tangu mwezi wa pili, hazijakuokolea chochote. Zimekupa miezi kumi ya gitaa lisiloimba. Bei ya kweli ya seti ni pesa uliyolipa, ukiigawanya kwa wiki ambazo nyuzi ziliimba vizuri.

Kabla ya kuangalia jina la kampuni, angalia nyuzi zimetengenezwa kwa nini. Za gitaa kavu zina kiini cha chuma, na zile nne nene zimezungushiwa waya wa shaba iliyochanganywa. Mchanganyiko ulioandikwa 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20. Siku za kwanza unatoa sauti kali, safi, inayokata katikati ya waimbaji arobaini, lakini hufifia upesi: kwa mtu anayepiga saa moja kila siku, wiki mbili au tatu ule ukali umekwenda. Fosfa bronzi ni shaba kama asilimia 92 na bati asilimia 8, pamoja na fosfori kidogo sana. Kampuni ya D'Addario ilianza kuitumia kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974, na leo karibu kila kampuni inayo. Haipigi kelele kama 80/20 siku ya kwanza, ila inashuka polepole, na kwa matumizi yaleyale utapata mwezi mmoja hadi miwili. Kwenye gitaa la umeme shaba haifai, maana sumaku za pikapu, kile kifaa kinachochukua sauti ya nyuzi, haziisikii. Huko nyuzi nene huzungushiwa chuma kilichopakwa nikeli.

Zile nyuzi mbili nyembamba, ya kwanza na ya pili, na mara nyingi ya tatu kwenye gitaa la umeme, ni chuma kitupu chenye utando mwembamba wa bati. Kutu huanzia hapo. Ukiona madoa meusi kwenye uzi wa kwanza juu ya freti tatu za mwanzo, bati limeshalika.

Halafu kuna nyuzi zenye koti, yaani utando mwembamba wa plastiki. Elixir, zinazotengenezwa na W. L. Gore wa Marekani, ndizo zilizozifanya zijulikane miaka ya 1990. Koti lao hufunika uzi mnene wote kwa nje, hata mifereji iliyo kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na ndiyo maana jasho halipati pa kuingia. Nanoweb ni koti jembamba lenye sauti angavu. Polyweb ni nene zaidi na laini kwenye vidole. D'Addario nao wanazo XT na XS. Nyuzi za koti zikitunzwa hufika miezi minne au mitano. Baada ya muda utaona vinyuzinyuzi vyeupe kama pamba pale piki (kile kibao kidogo cha kupigia) inapogonga. Hilo ni koti linalobanduka tu, na uzi wenyewe bado mzima, lakini ni dalili kwamba ulinzi umeanza kuisha.

Sasa pesa. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za duka lako. Tuseme seti ya bei ya chini ni Sh 8,000 na inaimba vizuri wiki 3: hiyo ni kama Sh 2,670 kwa wiki. Seti ya fosfa bronzi isiyo na koti ni Sh 24,000 na inafika wiki 7: karibu Sh 3,430 kwa wiki. Seti ya koti ni Sh 55,000, wiki 20: Sh 2,750 kwa wiki. Tofauti ni ndogo kuliko bei za rafuni zinavyoonyesha, na ile seti inayoonekana ghali kupita kiasi inakaribiana na ile ya bei ya chini. Kwa hiyo kinachoamua ni mambo mengine: gitaa linashikwa na mikono mingapi, unakata nyuzi mara ngapi, na seti nyingine itakufikia lini. Mtu wa Makete au Ludewa anayesubiri mzigo uje na basi kutoka Kariakoo hana hesabu moja na mtu wa Mwanjelwa.

Msimamo wetu ni huu. Gitaa la kwaya linalopigwa na watu watatu au wanne, lifungwe nyuzi za koti, bila kusitasita. Jasho la watu wanne kwenye seti isiyo na koti huimaliza kabla ya mwezi. Gitaa la mtu mmoja anayefuta nyuzi zake kila akimaliza, lifungwe fosfa bronzi ya kawaida: D'Addario EJ16 na Martin za fosfa bronzi zote zinafaa, na tofauti kati yake ni ya ladha ya sikio kuliko ya kudumu. Kwa gitaa la umeme, D'Addario EXL110 na Ernie Ball Regular Slinky zina unene uleule, 10 hadi 46 kwa elfu za inchi, na zinakaribiana sana kwa maisha. Nunua ile ambayo bei yake ni nafuu siku hiyo. Alice za China zinapatikana kwa urahisi na zinamfaa anayejifunza, ambaye vidole vyake bado havijajua kubonyeza na atakata uzi kwa kukaza kupita kiasi.

Nyuzi za bei ya chini, za kampuni yoyote, zina tatizo moja ambalo halihusiani na kudumu: unene usio sawa tangu kiwandani. Zipime siku ya kwanza. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, upige, uinue kidole ili ile sauti ya kengele itoke. Kisha bonyeza freti hiyohiyo upige tena. Sauti mbili ziwe moja. Zikitofautiana kwenye uzi mmoja tu, uzi huo ni mbovu. Zikitofautiana kwenye nyuzi zote, tafuta fundi, daraja (kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi) halijakaa sawa.

Kuhusu feki, D'Addario ndizo zinazoigwa sana. Seti halisi huwa na nyuzi zote ndani ya mfuko mmoja uliozibwa usipitishe hewa, na zinatofautishwa kwa rangi ya kitufe kilicho mwishoni mwa uzi: wa kwanza fedha, wa pili zambarau, wa tatu kijani, wa nne mweusi, wa tano mwekundu, wa sita rangi ya shaba ya njano. Ukifungua pakiti mpya ya jina hilo ukakuta bahasha sita za karatasi, kila uzi na yake, irudishe.

Namba ya seti ni unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi. Seti ya 12 inavuta gitaa kwa zaidi ya kilo 70 ukijumlisha nyuzi zote sita. Ya 10 inavuta karibu kilo kumi chini ya hapo. Gitaa la mbao za tabaka, lile ambalo tumbo lake limeshaanza kuvimba nyuma ya daraja, lifungwe 10 au 11. Na tafadhali sana: gitaa ambalo nyuzi zake hufungwa fundo kwenye daraja, bila pini (vile vijiti vinavyobana nyuzi kwenye matundu), ni la nailoni. Nyuzi za nailoni huvuta kama kilo 40 kwa pamoja. Ukilifunga za chuma, daraja litang'oka. Magitaa mengi mazuri yameharibika namna hiyo, na kulibandika daraja upya ni gharama kuliko seti tano za nyuzi.

Hali ya hewa yetu ina mchango wake. Rungwe na Kyela, unyevu ndio adui. Gitaa likitundikwa ukutani kipindi cha masika, nyuzi tupu zina kutu hata bila kupigwa. Iringa, Makambako na Mbeya wakati wa kipupwe adui ni mwingine, na watu hawamfikirii: mafuta ya kujipaka. Juni na Julai ngozi inapasuka kwa baridi, kila mtu anajipaka mafuta mazito asubuhi, anakwenda kanisani, anashika gitaa. Yale mafuta huingia kwenye mifereji ya nyuzi nene, yanashika vumbi, na uzi unakuwa mzito na bubu kama umefungwa kitambaa. Osha viganja kwa sabuni na ukaushe kabla ya kupiga. Ukimaliza, chukua kitambaa cha pamba kikavu, ubane kila uzi kwa vidole viwili ndani ya kitambaa, uvute kutoka daraja hadi juu ya shingo. Kufuta kwa juu tu hakusaidii. Jasho linakaa upande wa chini. Dakika moja hii inaongeza wiki kadhaa. Usipake mafuta ya kula wala mafuta ya mashine ili "kuzuia kutu".

Baridi hiyohiyo inasumbua kutyuni. Chuma kikipoa husinyaa na sauti hupanda. Likitolewa chumba cha baridi likawekwa juani, nyuzi zinatanuka na sauti inashuka. Liache gitaa dakika 15 au 20 mahali litakapopigiwa ndipo ulityuni. Na mwalimu wa kwaya akitaka wimbo upande sauti, tumia kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni. Kupandisha nyuzi nusu sauti kunaongeza mvuto kwa asilimia 12. Sauti nzima, asilimia 26. Uzi wa kwanza hautavumilia hilo Jumapili nyingi.

Uzi ukikatika, usiutupe kabla hujaangalia umekatikia wapi. Nyuzi mbili zikikatika mfululizo mahali palepale, tatizo liko kwenye gitaa, na kubadilisha kampuni hakutasaidia. Ukikatikia kwenye daraja, pana ncha kali: sugua taratibu kwa msasa laini, namba 600, kwa kufuata njia ya uzi. Ukikatikia juu, kwenye kile kipande chenye mifereji mwanzoni mwa shingo, mfereji umebana: weka unga wa risasi ya penseli ndani yake, na ukisikia "tik" unapokaza bado, mfereji unahitaji kupanuliwa na fundi. Ukikatikia kwenye kigingi cha kukazia, uliufunga vibaya.

Kufunga vizuri ni hivi. Sukuma kitufe cha uzi ndani ya tundu la daraja, weka pini, kisha vuta uzi juu huku umebana pini mpaka uhisi kitufe kimegota kwenye ubao wa ndani. Kikigota kwenye ncha ya pini, pini itaruka ukikaza. Pitisha uzi kwenye kigingi, acha ulegevu wa kama sentimita 5 kwa nyuzi nene na 7 au 8 kwa nyembamba. Utapata mizunguko miwili au mitatu kwa nene, mitatu au minne kwa nyembamba, kila mmoja ukikaa chini ya uliotangulia. Kunja uzi kwanza, ndipo ukate. Uzi mnene ukikatwa kabla ya kukunjwa unaweza kufumuka kwa ndani na ukafa siku hiyohiyo. Kisha uvute taratibu kwenye freti ya 12, sentimita moja hivi, utyuni, urudie mara tatu au nne. Asiyefanya hivi ndiye anayesema nyuzi mpya hazishiki sauti.

Besi ni habari fupi. Nyuzi zake hukaa miezi mingi, na seti ni ghali, kwa hiyo kuzisafisha kunalipa. Zivue, zikunje duara pana, zilaze usiku kucha ndani ya chombo chenye spiriti kilichofunikwa, mbali na jiko, kisha zifute na uziache zikauke kabisa. Wengine huzichemsha kwa maji dakika 10; inafanya kazi, ila maji yakibaki ndani ya mzunguko huleta kutu, na mwamko wake ni wa siku chache. Njia zote mbili si za nyuzi zenye koti wala za nailoni.

Kwenye begi la gitaa weka nyuzi mojamoja za akiba: mbili za namba yako ya kwanza, moja ya pili. Uzi mwembamba usio na koti unaweza kuziba pengo kwenye seti ya koti na wasikilizaji wasitambue. Kwa gitaa la nailoni, akiba iwe uzi wa nne, maana huo ndio unaotangulia kuchakaa, kwenye freti ya pili na ya tatu. Ziache ndani ya mfuko wake uliozibwa hadi siku ya kutumika, na kwenye karatasi ndani ya begi hilohilo andika kwa penseli jina la seti, bei yake na tarehe uliyoifunga.