Maswali yenu: kumtoa paka kwenye bakuli la kutwa na kumzoesha kula kwa saa

Haya, wiki hii maswali yote ni ya bakuli. Niligusia tu kwamba paka wangu siku hizi wanakula kwa saa, hakuna tena bakuli linaloshinda limejaa kutwa kucha, basi mkanijia kama paka wenyewe wakisikia mfuko unachakarishwa jikoni. Nimechukua yale yaliyojirudia, majina nimeyaacha.

Dada, paka wangu ana miaka minne, bakuli lake halikauki na hajawahi kunenepa. Sasa nijisumbue ili iweje?

Kama hajanenepa hongera, wapo wanaojua kujizuia. Tena asili yao ni kudonoadonoa, paka anayejiwindia mwenyewe anakula vinyama vidogo vidogo mara nyingi kwa siku, na panya mdogo mmoja ana kama kalori 30 tu, kwa hiyo anahitaji sita saba hivi ndo siku yake iishe vizuri. Siwezi kukwambia kujaza bakuli ni dhambi.

Sababu yangu mimi haikuwa unene. Nilikuwa na paka wawili na bakuli moja kubwa, nikiona limepungua najaza, maisha yanaenda. Siku moja nambeba yule wa kijivu naona mbona mwepesi hivi, nampeleka kwa daktari wa mifugo kumbe ana jino limeoza, hajala sijui siku mbili sijui tatu, mwenzake ndo alikuwa anamaliza vya wote wawili, na mimi kila asubuhi nikiona bakuli limeshuka najua mambo safi. Yaani bakuli lenyewe lilikuwa linanidanganya. Akila kwa saa, umeweka chakula asubuhi akakinusa akageuka, umeshajua asubuhi hiyohiyo kwamba kuna kitu. Kwangu hilo peke yake linatosha.

Halafu angalia pia unavyojaza. Wengi tunamwagia kipya juu ya cha zamani, zile punje za chini zinakaa wiki, mafuta yake yanachacha, paka anaanza kudengua unasema ana maringo.

Naanzaje? Kuna mtu kaniambia nimnyime tu siku mbili, akiona njaa atakula ukimpa.

Huyo mtu usimsikilize kabisa. Mbwa anaweza kuvumilia, paka siyo mbwa. Paka akikaa bila kula, hasa akiwa mnene, mwili unaanza kuvuta mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, ini linajaa mafuta na linaanza kushindwa kazi. Siku chache tu zinatosha, utaona fizi na ndani ya masikio vimegeuka manjano na hapo tayari ni dharura. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya zoezi hili: saa 24 zikipita hajatia kitu mdomoni, unampigia daktari, unarudisha chakula, ratiba itasubiri.

Namna nilivyofanya mimi ni hivi. Siku tatu za kwanza sikubadilisha chochote, nilipima tu. Asubuhi naweka gramu 80 kwenye mizani ya jikoni, kesho yake saa ileile napima kilichobaki, natoa, nimejua anakula ngapi. Baada ya hapo kiasi kilekile nikakigawa mara nne: asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Bakuli linakaa chini nusu saa kisha naliondoa, hata kama amebakiza. Siku mbili za kwanza anakuja, anakula punje tano, anaondoka kwa madaha akijua atalikuta, akirudi halipo ananitazama kama nimemwibia. Siku ya tatu alikaa akala. Wiki ya pili nikaunganisha ile ya mchana na ya jioni ikawa milo mitatu, na nimeishia hapo hapo. Milo miwili kwa paka mkubwa mwenye afya inatosha pia, wengi wako hivyo, mimi tu naona saa 12 ni nyingi kwa tumbo dogo namna ile.

Kitu kimoja, usibadilishe ratiba na aina ya chakula kwa wakati mmoja. Ukitaka kumhamisha kutoka kikavu kwenda cha kopo, hiyo ni safari nyingine ya siku 7 mpaka 10 ya kuchanganya kidogo kidogo. Ukibadilisha ratiba na chakula kwa pamoja, akigoma hutajua anagomea nini.

Tumeanza vizuri ila sasa ananiamsha saa kumi alfajiri. Anapiga kelele, anakanyaga uso, jana kasukuma glasi mezani huku ananiangalia. Nitalala lini mimi?

Pole. Hili ndo linalowarudisha watu wengi kwenye bakuli la kutwa, na kosa siyo ratiba, kosa ni kwamba mara moja uliamka ukampa. Wewe uliamka ili anyamaze, yeye akaelewa kelele ndo kitufe cha chakula.

Dawa yake ni kutompa chochote anapolia, hata kumkemea usimkemee maana hata hiyo kwake ni majibu. Na nikuandae kisaikolojia, kelele zitapanda kwanza ndo zishuke. Siku ya nne ya tano atapiga makelele ambayo hujawahi kuyasikia, na ukilegea siku hiyo umemfundisha kwamba inabidi alie siku tano ndo apate. Ziba masikio. Glasi ziondoe mezani.

Wakati huohuo fanya mawili. Usiku sogeza mlo wa mwisho uwe karibu kabisa na kulala, na kabla ya mlo mchezeshe dakika kumi hivi kwa kamba au manyoya, akimbie, aruke, akamate. Paka ana mpangilio wake, anawinda, anakula, anajilamba, analala, ukimpa kwa mpangilio huo usingizi unakuja wenyewe. Asubuhi nayo, ukiamka usiende moja kwa moja kwenye bakuli. Piga mswaki, vaa, tandika kitanda, ndo umpe. Lengo ni avunje ule uhusiano wa macho yako kufunguka na chakula kushuka. Ukiwa na uwezo wa mashine ya kulisha yenye saa, nunua, iwekee saa 11 na nusu. Wangu siku hizi anakwenda kuilalamikia mashine, mimi hanijui tena.

Paka wawili, mmoja bonge mmoja kimbaumbau. Bonge akimaliza chake anahamia kwa mwenzake.

Vyumba viwili, mlango ufungwe, dakika 20, mabakuli yaondoke, mlango ufunguliwe. Sijaona ujanja unaoshinda huo kwa urahisi. Watu wengine wanamwekea yule mwembamba chakula juu ya kabati ambako bonge hafiki, inafanya kazi mpaka siku bonge akipungua hahaha. Kuna mabakuli pia ya kusoma chipu, kile kidude kidogo cha utambulisho kilicho shingoni mwa paka, yanamfungukia mwenyewe tu, ni mazuri sana kama mmoja anakula chakula cha dawa.

Ila nikuulize, huyo mwembamba ana umri gani? Kama ni mzee na anakula vizuri tena kwa pupa halafu anazidi kukonda, hilo siyo suala la bonge kumwibia. Tezi ya shingo, kisukari, hata minyoo, vyote vinaweza kufanya hivyo. Apimwe damu kwanza.

Kiasi gani kwa siku? Mimi natumia kikombe.

Kikombe acha. Kikombe kimoja ukijaza wewe na akijaza mwanao ni vitu viwili tofauti, na kwa paka tofauti ndogo ni kubwa. Chukua paka wa kilo 4 anayeshinda ndani, kahasiwa, anahitaji kalori kama 200 kwa siku. Chakula kikavu kingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, maana yake siku nzima ni gramu 50 na kitu. Gramu 50! Ziweke kwenye kiganja uone zilivyo chache. Sasa ukizidisha gramu 10 tu, ambazo kwa kikombe huwezi hata kuziona, umemzidishia karibu theluthi mbili ya panya... hapana, ngoja, nimekosea, ni zaidi ya panya mzima, kama kalori 35 mpaka 40, karibu sehemu moja ya tano ya mahitaji yake ya siku. Kila siku. Mwaka mzima.

Cha kopo ni hadithi nyingine, kwa sababu sehemu kubwa ni maji, robo tatu na zaidi, kwa hiyo gramu 100 mara nyingi ni kalori 80 hadi 100 tu, na huyo huyo wa kilo 4 atakula gramu 200 na ushee. Soma pakiti yako, hizi namba ni za kukupa mwanga. Akihasiwa mahitaji yanashuka, kwa robo hivi, na hapo ndipo wengi wanaponenepa kwa sababu mkono wa mlishaji haukupata taarifa.

Kujua kama kiasi ni sawa, tumia vidole. Pitisha ubavuni bila kubonyeza, ukizisikia mbavu kama unavyosikia mifupa nyuma ya kiganja chako ukikinyoosha, yuko poa. Zikiwa kama vifundo vya ngumi amekonda. Zikiwa kama upande wa ndani wa kiganja, ule wenye nyama, kazi ipo. Na kama kazi ipo, mpunguze taratibu, asilimia 1 ya uzito kwa wiki ni mwendo mzuri, paka wa kilo 6 hiyo ni gramu 60. Ukimkimbiza unarudi kwenye habari ya ini.

Tangu nimemweka kwenye milo anakula kama anafukuzwa, dakika mbili kamaliza, halafu punje zote zinarudi juu ya zulia.

Angalia kilichorudi. Zikiwa punje nzima nzima hazijasagika, ni spidi hiyo. Kitandaze kwenye trei pana ya bati, au kwenye trei ya mayai punje chache kila shimo, alazimike kuzichomoa kwa mkono. Dakika mbili zinakuwa kumi. Ukikuta ni povu la njano asubuhi na hakuna chakula ndani yake, mara nyingi ni tumbo limekaa tupu muda mrefu, ongeza mlo wa usiku. Akitapika kila siku hata baada ya hapo, au kuna damu, au anapungua, usikae na trei ya mayai, nenda hospitali.

Nashinda kazini, naondoka saa 1 asubuhi narudi saa 1 usiku.

Asubuhi, jioni, na kabla ya kulala. Mchana atalala tu, niamini. Ukiwa na mashine mwekee kimlo cha mchana, ila ijaribu wiki nzima ukiwa nyumbani kwanza, maana punje zinakwama na betri zinaisha, na cha kopo usikiweke kwenye mashine isiyo na barafu.

Na vitoto? Na mama anayenyonyesha?

Mama anayenyonyesha mwachie bakuli wazi, ale anavyotaka, huyo hana ratiba. Vitoto mpaka miezi minne milo minne, kisha mitatu mpaka miezi sita hivi, kisha endelea unavyotaka.

Wangu ana kisukari na anachomwa insulini.

Usiguse chochote kwa kusoma hapa. Saa ya kula na saa ya sindano vinapangwa pamoja, na anayepanga ni daktari wake.

Mimi nimeshika ratiba vizuri, tatizo mume wangu. Anampa kwa siri. Nikimuuliza anakataa, na paka anashinda miguuni kwake.

Hahaha, maswali ya aina hii yalikuwa manne wiki hii, mengine ni bibi, mengine ni watoto, moja ni mlinzi. Kugombana hakusaidii, nimejaribu. Kilichosaidia kwetu ni mkebe. Asubuhi napima gramu zote za siku, naweka kwenye mkebe mmoja, na ruksa mtu yeyote kumpa paka muda wowote ila atoe humo. Milo inatoka humo, asusa zinatoka humo, ukitaka kumpa asusa za dukani basi zisizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku na unapunguza punje za mkebe kulipia. Mkebe ukiisha umeisha, anayekuja kuomba aelezwe na aliyeumaliza.

Wiki ya kwanza uliisha saa 10 jioni. Mzee akarudi akaushika, akautikisa, kimya. Paka kakaa chini yake, mkia umezungushwa miguuni, macho juu. Mimi nikajifanya nasoma simu.