Mtoto anataka turudi kwetu, mama naye analia chooni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa waliohamia huku Kusini: wa kuhamishwa kikazi, waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, waliokuja na ng'ombe. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa; kila barua inafuatwa na jibu langu.

Shikamoo mama. Tumehamia Mtwara mjini kutoka Moshi, mume wangu kahamishwa kikazi. Binti yetu wa miaka tisa kila jioni ni "turudi kwetu". Shuleni wanamcheka anavyoongea. Namwambia atazoea, ndiyo kwanza anazidi kulia. Mimi mwenyewe nalia chooni ili asinione. Nifanyeje? Mama wa wawili, Shangani

Marahaba mwanangu. Tuanze na huko chooni. Mtoto wa miaka tisa anayajua macho ya mama yake yakiwa mekundu. Akiona umelia na hakuna anayesema kitu, anaelewa kwamba jambo lenyewe ni zito, na kwamba humu ndani halisemwi. Basi naye anabaki na hilo moja tu analoruhusiwa kusema: turudi kwetu.

Mwambie, kwa maneno machache: "Hata mimi namkumbuka bibi. Leo nimelia kidogo, sasa nimenyamaza, twende tukapike." Usiiache hiyo sehemu ya mwisho, kwa sababu anachohitaji kukiona ni mtu mzima aliyehuzunika kisha akaendelea na shughuli zake. Ila usimtwishe yote. Ya mshahara, ya mawifi, ya ugomvi wenu kuhusu uhamisho, hayo mpigie dada yako simu watoto wakishalala.

Hilo neno "utazoea" liweke pembeni kwa sasa. Ni la kweli, lakini linamfunga mdomo. Muulize: "Unakumbuka nini zaidi?" Mara nyingi anachokililia si Moshi nzima. Anamlilia rafiki mmoja, au mbwa wa babu, au ile baridi ya asubuhi. Rafiki anapigiwa simu Jumapili. Mtori unapikwa Jumamosi, ndizi sokoni zipo, bei tu ndiyo ya kuvumilia. Baridi, kwa kweli, hiyo Mtwara hatuna.

Halafu jisikilizeni mnavyoongea wakati wa kula. Joto la huku, maji ya huku, watu wa huku. Mtoto analishwa maneno hayo usiku, asubuhi anatumwa akacheze na hao hao watu wa huku. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mtumishi akiletwa Kusini alihesabu kaadhibiwa, maana mvua ikinyesha magari yalikwama njiani upande wa Rufiji. Daraja tunalo siku nyingi sasa, lakini yale maneno bado watu wanayabeba kwenye mabegi.

Kuhusu kuchekwa, nenda kwa mwalimu wa darasa, umwombe binti akae na mtoto mmoja mpole. Huyo mtoto mwalike nyumbani. Rafiki mmoja anatosha kwa kuanzia. Na wewe, je, unaye hata mmoja? Mwombe jirani akufundishe kupika ming'oko, vile viazi pori vya huku, binti akiwepo. Akuone unauliza, unakosea, unachekwa na unacheka. Watoto wengi wa wahamiaji wanatakiwa wajifunze mahali papya huku wazazi wao wenyewe hawataki kujifunza chochote, na hilo linawachosha kuliko tunavyodhani.

Mimi niko Newala. Kaka yangu na mkewe walivuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, kukimbia vita, wapo kwangu. Mtoto wao wa miaka minane alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, sasa kaanza upya. Radi ikipiga anaingia uvunguni. Baba yake anamchapa. Watoto wa mtaani wanamwita Mmawia, jina la kuwakejeli Wamakonde wa Msumbiji. Kaka mwenyewe haongei, usiku anakaa nje mpaka alfajiri. Shangazi mtu

Fimbo ikome leo. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa akaanza tena hafanyi jeuri. Anakojoa akiwa usingizini, hana amri nayo, na hofu ni moja ya sababu kubwa. Hata hivyo mpelekeni kwanza zahanati akapimwe mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari navyo huleta hali hiyo hiyo, na ni makosa kuilaumu vita kwa ugonjwa unaotibika.

Nyumbani mtandikieni plastiki chini ya shuka, na kanga kavu iwe karibu. Aende kukojoa kabla ya kulala, na mtu mzima amwamshe tena akienda kulala mwenyewe. Maji ya mchana asinyimwe. Asubuhi mashuka yafuliwe bila hotuba, na godoro lianikwe uani. Nimeona godoro la mtoto limeegeshwa mbele ya nyumba ili wapita njia walione, eti aone aibu aache. Aibu anayo tayari, tena ya kutosha.

Radi ikipiga, msimvute atoke uvunguni. Kaa chini sakafuni, karibu naye, uongee taratibu: "Hii ni radi. Tupo Newala. Mimi shangazi nipo hapa, baba yupo mlangoni." Mpe kiganja chako akipulize polepole kama anapoza uji, mara kadhaa. Pumzi ikitulia na mapigo ya moyo hushuka. Msimlazimishe asimulie alichokiona. Akichora bunduki au akicheza vita, mwacheni, ila mtu mzima awe jirani. Akileta maneno mwenyewe, msikilizeni mpaka amalize.

Hao wanaomwita Mmawia, waite na wazazi wao. Mapigano ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Katikati ya hapo, Oktoba 2020, kijiji chetu cha Kitaya, upande huu wa mto, kikashambuliwa pia. Kwa hiyo kuna watu upande huu wanaojua kukimbia na mtoto mgongoni. Mzee mmoja wa aina hiyo akiongea na hao watoto dakika tano, nadhani mzaha utapungua.

Sasa kaka. Mwanamume anayekaa nje mpaka alfajiri analinda. Hajaamini bado kwamba amefika. Na mtu asiyelala mkono wake ni mwepesi wa kupiga. Usimgombeze mbele ya mwanawe. Mwambie faraghani, kidada: "Kaka, leo kalale, mimi nitakuwa macho." Fanyeni hivyo kwa zamu mpaka mwili wake uamini. Mpe na kazi, shamba la korosho halikosi cha kupalilia. Ikipita zaidi ya mwezi bado halali, au mtoto hachezi, hali, haongei, nendeni hospitali ya wilaya mkaulizie huduma ya afya ya akili na afisa ustawi wa jamii. Simu ya mtoto ni 116, haikatwi salio.

Mume wangu anasema mtoto wa kiume kulia-lia kwa kukumbuka kwao ni kudekezwa. Ana miaka sita. Mikindani

Ana miaka sita. Aachwe alie. Akinyamaza apewe mpira aende ufukweni na wenzake. Na baba mtu aulizwe taratibu, siku akiwa ametulia, yeye alipohama mara ya kwanza alikuwa na umri gani na nani alimbembeleza.

Nipo kidato cha pili, Kilwa. Wazazi wangu ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe kutoka Usangu, Mbeya, kabla sijazaliwa. Mama Kiswahili kinampa shida, mimi ndiye ninayemsemea zahanati, na ndiye ninayemsemea baba kwa mwenyekiti ng'ombe wakiingia kwenye shamba la mtu. Nikikosea nafokewa. Naona aibu kuwa nao, halafu najiona mtoto mbaya. Kijana

Wewe si mtoto mbaya. Umebebeshwa mzigo wa wakubwa, na umeubeba vizuri mpaka wamesahau kwamba ni wao.

Wafugaji walioondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007 hawakuchagua Kilwa kwa kupenda mandhari. Wazazi wako huenda walipoteza mifugo na jirani waliowazoea, na pengine hawajawahi kukaa chini wakakusimulia. Waulize siku moja. Aibu hupungua mtu akijua alikotokea.

Lakini kesi za ng'ombe na mashamba acha kuzisimamia. Unasimama katikati ya baba yako na mkulima mwenye hasira, na kesho yake unakaa dawati moja na mtoto wa huyo mkulima. Kazi hiyo ni ya mzee wa Kisukuma aliyekaa Kilwa muda mrefu. Ukishindwa kumwambia baba, mpitie baba mdogo au mjomba, aseme kwa niaba yako. Zahanati nako, mambo ya uzazi na ya mwili wa mama hayakuhusu. Mwambie muuguzi bila kuona haya: "Naomba mama atafutiwe mwanamke wa kumsaidia." Barua za shule na maelekezo ya dawa endelea nayo, hayo mtoto yeyote humsaidia mzazi. Na jioni mfundishe mama Kiswahili cha sokoni, naye akufundishe nyimbo na vitendawili vya kwao. Akiwa mwanafunzi wako, awe mwalimu wako pia.

Tumetoka Mbeya, tunaishi Masasi. Binti yangu wa miaka kumi marafiki zake wote wanaingia unyago likizo ya Desemba. Kwetu hakuna. Nimemkatalia, sasa kanuna, anasema namfanya aonekane mgeni siku zote. Mama Mbeya

Umemkatalia kwa maneno gani? Maana "hatufanyi mambo ya kishenzi" ni tofauti kabisa na "wewe bado mdogo, na sisi kwetu tunafundishana kwa njia nyingine". Ukisema la kwanza umewatukana mama za rafiki zake wote, na yeye ndiye atakayelibeba mpaka shuleni.

Uamuzi ni wako na baba yake. Mimi sioni haraka yoyote kwa mtoto wa miaka kumi, na wapo wenyeji wengi siku hizi wanaosubiri watoto wakue. Lakini kabla hujafunga mlango, nenda kaongee na jirani unayemwamini, au na kungwi mwenyewe. Siri za ndani hutaambiwa, ila unaweza kuuliza watoto wanakaa siku ngapi, wanalala wapi, na wa umri huu wanafundishwa nini. Ukikataa baada ya hapo, utakuwa umekataa kitu unachokifahamu, na binti ataisikia tofauti yake.

Kununa kwake ni halali. Usimwambie anyamaze. Mwambie: "Najua inauma wenzako wakiondoka wewe ukabaki." Kisha panga zile siku wenzake hawapo, zisimkute amekaa barazani peke yake, aje binamu yake kutoka Mbeya, au aende yeye. Wali, yaani hao wasichana wa unyago, wakitoka, kuna ngoma na zawadi, na mlango wa sherehe uko wazi. Mnunulie kila rafiki zawadi yake, kanga au hata leso, mwende wote wawili, mcheze. Mafundisho ya kukua ambayo angeyapata huko, anza kumpa wewe sasa, maana akikutana na wenzake Januari atakuwa na maswali, na ni heri yaje kwako.