Shangazi wa Ploti: Ndoo mbili, drumu moja na mbuzi wa jirani

Wiki hii mmeniandikia mazingira tupu, sijui ni mvua imewashtua ama ni bei ya gesi, lakini nimefurahi juu hakuna hata mmoja ameniuliza vile ataokoa dunia, mmeniuliza vile mtaishi na ndoo ya taka kwa nyumba ya chumba kimoja, na hiyo ndiyo kazi naiweza. Majina nimeficha kama kawaida.

*Shangazi, habari yako. Nakaa Pipeline, ghorofa ya tano, bedsita, mimi na mzee na mtoto mmoja. Nilianza kutenganisha taka, chupa huku maganda kule, mzee akaniuliza kama nimeandikwa na kaunti. Nikavumilia. Kilichoniuma ni siku nilisimama kwa balkoni nikaona vijana wa taka wakimwaga ndoo zangu zote mbili ndani ya gunia moja. Sasa nilikuwa najisumbua ya nini? Na hayo maganda yakikaa siku tatu yananuka mpaka jirani anafunga mlango. — Mchovu, Pipeline*

Dada Mchovu, pole. Hiyo ya gunia moja hata mimi ilinipata, nikakasirika nikarudi kuchanganya kama miezi miwili hivi, ati kwani mimi ni nani. Halafu siku moja nikamuuliza yule kijana mwenye mkokoteni, polepole bila kumgombeza, wewe kwa haya yote unauza nini? Akanionyesha. Chupa za plastiki anauza kwa kilo, katoni zinanunuliwa, vyuma pia, na akaniambia kitu sikuwa nimefikiria, kwamba katoni ikishalowa supu ya maharagwe haina mnunuzi tena, na chupa yenye ugali ndani lazima mtu aiingize mkono aitoe. Yani wao wanatenganisha hata hivyo, ni vile tu wanatenganisha baada ya sisi kuharibu. Tangu siku hiyo vitu vikavu namwekea kwa gunia lake kando, chupa nimesuuza na maji niliyomalizia vyombo, na hajawahi kulimwaga na zile zingine hata mara moja. Ni pesa yake, atalimwaga aje?

Kwa hivyo usimtume kijana wako kulinda mazingira. Muulize anauza nini halafu umuwekee hicho.

Sasa maganda, hapo ndipo kuna kazi. Mji huu wetu wa Nairobi unatoa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku na zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza, maganda ya viazi, sukuma iliyonyauka, makapi ya chai. Nyingi zinaishia Dandora, jalala lililofunguliwa miaka ya 1970 na tangu hapo ni kurundika tu. Vitu vya kuoza vikifukiwa chini ya mlima wa taka vinakosa hewa, na vikioza bila hewa vinatoa methani, gesi inayopasha dunia joto mara nyingi kuliko kaboni dioksidi. Ganda hilo hilo likiozea mahali penye hewa linakuwa mboji tu, mchanga mweusi. Ndio maana hata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka za kuoza zikae kando na zisizooza, ingawa ukitembea hapo kwenu Pipeline utadhani hiyo sheria ilipitishwa nchi ingine.

Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa aibu, wacha niseme ukweli. Nilijaza maganda ya ndizi, vichwa vya samaki na ugali wa jana, nikafunga kifuniko kabisa nikijua nazuia harufu. Siku ya sita nikafungua nikakuta funza wanapanda ukuta wa ndoo kama watu wanaenda kazi asubuhi, na harufu, mama yangu! Jirani hakufunga mlango, alikuja kuuliza kama kuna mtu amekufa. Kosa lilikuwa hapo kwa kifuniko, na kwa samaki, na kwa kutoweka kitu kikavu.

Fanya hivi. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, toboa matundu chini na pembeni na msumari uliopashwa moto, ikalishe juu ya beseni kuukuu ya kukinga maji. Chini weka trei ya mayai uliyoichanachana, zile za karatasi, si za plastiki. Kila ukitupa maganda ya mkono mmoja, funika na kitu kikavu cha mikono miwili: gazeti lililochanwa, majani makavu, ama machujo ya mbao, fundi yeyote wa fanicha atakujazia mfuko bure na akushukuru. Ongeza konzi moja ya udongo wa kawaida, kwa sababu humo ndimo wadudu wadogo wa kuozesha wanakaa. Nyama, samaki, mafuta na ugali usiweke, hizo zinaita panya. Geuza na mwiko mkuukuu mara mbili kwa wiki (mwiko huo usirudi jikoni, nimekwambia). Ukifinya konzi ya hiyo kitu iwe kama kitambaa kilichokamuliwa, unyevu lakini haitoni. Ikinuka ni maji mengi, ongeza karatasi. Ikikaa tu miezi bila kubadilika ni kavu, nyunyiza maji. Kama miezi mitatu hivi unapata kitu cheusi kinanuka kama shamba baada ya mvua.

Na mzee? Usimhubirie. Weka ndoo pale pale anapomenyea chungwa. Wangu alibishana na mimi mwaka mzima, nikahamisha ndoo kutoka balkoni ikaja chini ya sinki, basi, akaanza kutupa humo bila kujua ameokoka.

*Shangazi, sisi ni vijana wa mtaa huko Kayole. Mwezi uliopita tulifanya usafi wa mtaro wa ploti zetu, watu kama thelathini, tukatoa taka magunia kumi na nne, tukapiga picha, kila mtu akafurahi. Wiki mbili baadaye mtaro umejaa tena kama hatukuwahi kuja. Tumekasirika, kuna wenye wanataka tubandike picha za watu wanaotupa. Unasemaje? — Kiongozi wa Kikundi*

Mwanangu, kwanza hongera, magunia kumi na nne si mchezo, na sote tunakumbuka masika ya 2024 vile maji yaliingia manyumbani Mathare na Mukuru. Mvua ilikuwa kubwa, sitasema ni taka peke yake ilileta mafuriko, lakini mtaro uliojaa chupa hauwezi kupitisha hata mvua ndogo.

Picha za watu msibandike. Mtapata vita na mtaro utabaki vile ulivyo, na siku ingine mtabandika mama ya mtu. Kwetu tulijaribu karatasi ya onyo, USITUPE TAKA HAPA, herufi kubwa nyekundu, na chini yake ndipo rundo likakua zaidi, utadhani tumeandika karibuni.

Kilichotusaidia ni mama mmoja wa chini, mama mboga, ambaye huamka saa kumi kwenda soko. Akatuambia wenye wanatupa si watu wabaya, ni watu wa kazi ya mapema. Gari la taka lilikuwa linakuja Alhamisi saa nne, na hao wanatoka saa kumi na moja alfajiri wanarudi usiku, wakiacha mfuko kwa geti mbwa wanaupasua na keretaka anawapigia kelele. Sasa wewe ungefanya nini? Unapita na mfuko wako mkononi kwa giza, mtaro uko hapo.

Basi tukachanga, tukanunua drumu kuukuu la bluu lenye kifuniko cha kufunga na pini, tukalifunga na mnyororo ndani ya geti. Keretaka akapewa kazi ya kulitoa Alhamisi na kulisuuza, na tunamwongezea kitu kidogo kila mwezi. Nyumba mbili zilikataa kuchangia na bado zinatupa taka kwa drumu letu. Tumewaacha, afadhali humo kuliko mtaroni.

Kwa hivyo kabla ya usafi mwingine, wawili wenu waamke wasimame kwa huo mtaro saa kumi na moja mpaka saa moja, siku tatu, bila simu ya kupiga picha. Waangalie nani anatupa na waulize gari linapita saa ngapi kwao. Mkijua hiyo ndio mwende kwa landilodi, na msiende na hotuba, nendeni na bei ya drumu. Usafi fanyeni, lakini wa kidogo, wa nusu saa kila Jumamosi ya kwanza, kila ploti mbele yake. Ule wa watu thelathini unachosha na unafanya waliotupa waone kuna watu wa kuokota.

*Shangazi, maji kwetu ni ya mgao, siku mbili kwa wiki. Naweza kumwagilia sukuma zangu za gunia na maji ya kufulia? — Mama Pacha, Umoja*

Ya suuza ya mwisho, ndio, na umwage kwa mchanga si kwa majani. Ya kwanza yenye povu nzito peleka chooni ama upige deki nayo. Yenye jiki usithubutu, inaunguza mizizi. Gunia lako, kama hukuweka nguzo ya mawe katikati, panda upya: chukua mkebe mkubwa uliotolewa vitako vyote viwili, usimamishe katikati, ujaze kokoto ndani na mchanga pembeni, halafu uvute mkebe juu ujaze tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Maji yatapita kwa kokoto yafike mpaka sukuma za chini, la sivyo yanaishia juu na za chini zinakauka wewe ukidhani ni ugonjwa.

*Shangazi, gesi inaniua. Nikichemsha maharagwe mtungi unaisha kabla ya mwezi, nimerudi kwa mkaa lakini moshi na bei pia si mchezo. — Baba Mpishi, Kawangware*

Kaka, nafurahi baba anapika maharagwe. Loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, weka mapya, yachemke kwa gesi kwa nguvu nusu saa, usipunguze hapo, maharagwe mekundu yasipochemka vizuri yanasokota tumbo vibaya sana. Halafu epua sufuria na kifuniko chake bila kufunua, itumbukize ndani ya kikapu ama katoni uliyojaza nguo kuukuu na blanketi, funika juu na mto, uende kazi zako masaa manne. Yanajipika na joto lake lenyewe. Nyanya zetu walikuwa wanafunga chungu na majani ya migomba, si uvumbuzi wangu. Githeri yenye mahindi makavu ichemshe saa nzima kwanza, mahindi ni kichwa ngumu. Kama bado hayajaiva ukifungua, rudisha yachemke tena dakika kumi urudishe kikapuni.

*Kuna mama sokoni bado ananifungia nyanya na juala la nailoni. Nikikataa ananiona najifanya. Kwani ile marufuku iliisha? — Mnunuzi*

Haikuisha. Ilianza 28 Agosti 2017, na faini yake ni kati ya milioni 2 na milioni 4 ama jela mwaka 1 mpaka 4, sijui nyanya gani zina thamani hiyo. Usimwambie sheria, fungua tu kiondo chako kabla hajanyoosha mkono, umwambie mama tia hapa. Kifunge kwa mkoba wa kazi kisisahaulike nyumbani, kwangu kilikuwa kinasahaulika kwa msumari nyuma ya mlango kila siku.

*Shangazi, siku ile ya likizo ya kupanda miti, 13 Novemba 2023, tulipanda miche kumi kwa uwanja wetu huku Ruai. Sita ilikauka, minne ikaliwa na mbuzi. Tupande tena? — Bila Mti*

Pandeni, lakini mitatu, mwanzoni mwa mvua. Minne yenu haikushindwa na udongo, kwa hivyo kabla ya shimo nendeni mkaongee na mwenye mbuzi, na hata akiahidi, zungushieni matawi ya miiba mpaka mche ukupite kiunoni. Kwa kiu, chukua chupa ya lita mbili, toboa kifuniko tundu dogo la sindano, kata kitako, uichomeke kichwa chini kando ya mzizi, ujaze kila jioni ya tatu kiangazi chote. Chagueni mparachichi ama mpera, mtoto akijua kuna tunda atawafukuzia mbuzi bila kulipwa.