Nukta-mkato katika JavaScript: niliziacha miaka miwili, kisha nikazirudia

Kwa miaka miwili hivi niliandika JavaScript, lugha ya programu za wavuti, bila nukta-mkato (`;`) mwishoni mwa mistari. Nilipenda jinsi msimbo ulivyokaa mwepesi machoni, na aliyeniuliza nilimjibu kwamba lugha yenyewe inaruhusu. Siku hizi naziandika tena zote. Kilichonirudisha ni faili moja la zamani, lisilo na `'use strict'` (agizo la kuwasha hali kali, ambamo lugha hukemea makosa mengi zaidi), ambamo nilitaka namba mbili zibadilishane nafasi huku nikihesabu ni mara ngapi zimebadilishana:

```
let kubwa = 3
let ndogo = 7
let mara = 0

mara += 1
[kubwa, ndogo] = [ndogo, kubwa]
```

Hakuna kosa lililotokea. Programu iliendelea kama kawaida, ila namba zilibaki pale pale, na `mara`, niliyotegemea iwe 1, ikawa maandishi: `"07,3"`. Nilipoteza nusu siku nikisaka sehemu nyingine kabisa, nikiamini kuna mahali data inaingia ikiwa maandishi badala ya namba. Kumbe injini, yaani programu inayosoma na kuendesha JavaScript, ilikuwa imeisoma mistari miwili ya mwisho kama mmoja. Mabano ya mraba yakifuata baada ya `1`, sarufi inayakubali, kwa hiyo haikuona sababu ya kukata sentensi hapo. Ikajaribu kuiweka safu, yaani ile orodha `[ndogo, kubwa]`, ndani ya namba 1, jambo ambalo nje ya hali kali hupuuzwa kimyakimya, kisha ikajumlisha 0 na safu yenyewe. Safu ikijumlishwa na namba, vyote hugeuka maandishi. Kwa `'use strict'` ningepata kosa papo hapo na kulimaliza kwa dakika moja.

Ndipo nilipokaa kuisoma kanuni yenyewe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Wengi wetu tuliambiwa kwamba mstari ukiisha, JavaScript hukuwekea nukta-mkato. Sivyo. Injini ikifika mwisho wa mstari huendelea kusoma, na huiweka pale tu ambapo kinachofuata hakiwezi kuungana kisarufi na kilichotangulia, au inapokutana na mabano ya kufunga `}`, au faili linapokwisha. Maana yake, mstari wako unaishia wapi huamuliwa na mstari unaofuata. Ukihamisha mstari mmoja kutoka juu kwenda chini, unaweza kubadilisha maana ya mstari ambao hukuugusa.

Mistari ya kuogopwa ni ile inayoanza na `(`, `[`, `/`, `+`, `-` au nukuu iliyoinama ya violezo vya maandishi. Katika kazi za kila siku, viwili vya kwanza ndivyo vilivyonisumbua. Hivyo vingine ni nadra mno kuanzia mstari.

Upande wa pili, anayekuambia uweke nukta-mkato kila mahali na usalama utakuwa kamili anakudanganya. Tazama hii:

```
return
{
  jina: mteja
};
```

Baada ya `return`, mwisho wa mstari hukata sentensi moja kwa moja, hata kama kinachofuata kingeweza kuungana nayo. Funksheni inarudisha `undefined`, yaani hakuna thamani. Mabano yaliyobaki yanasomwa kama bloku ya kawaida, na `jina:` inakuwa lebo tu, kwa hiyo hulalamikiwi. Cha ajabu, ukiongeza sifa ya pili baada ya mkato, ndipo unapata kosa la sarufi, nawe unaanza kulaumu hiyo sifa ya pili. `break`, `continue` na `throw` nazo zina sheria ya namna hii. Hiyo `throw` angalau hukupa kosa la sarufi pale pale. Nukta-mkato yako ya mwisho haisaidii kitu hapa. Anza mabano kwenye mstari uleule wa `return`, basi.

Ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 2012 ulizuka mkubwa pale msimbo wa Bootstrap, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti, ulioandikwa bila nukta-mkato, ulipovunjika baada ya kupitishwa kwenye JSMin, programu ya Douglas Crockford ya kubana msimbo. Mstari mmoja ulianza na alama ya `!`. Kwa kanuni za lugha ulikuwa halali, ila JSMin iliunganisha mistari ile miwili. Brendan Eich, aliyeiunda lugha, aliandika mwaka huohuo kwamba utaratibu huu wa lugha kujiwekea nukta-mkato ni wa kusahihisha makosa ya sarufi, na kwamba anayeuchukulia kana kwamba kila mwisho wa mstari una uzito atajiingiza matatani. Alikiri pia kwamba angependa kuwa aliipa miisho ya mistari uzito zaidi katika zile siku kumi za Mei 1995. Maelezo hayo yalinigusa kuliko hoja nyingine yoyote: nilikuwa nimejenga mtindo wangu juu ya kifaa kilichowekwa kwa ajili ya dharura.

Kwa mradi mpya, basi, ushauri wangu ni uandike nukta-mkato. Kwa kuiweka unatamka mwenyewe kwamba sentensi imeisha. Ukiamua kuziacha, ziache ukiwa na kinga: washa kanuni ya `no-unexpected-multiline` katika ESLint, programu ya kukagua msimbo, au tumia Prettier, kipangaji cha msimbo, kwa `semi: false`, ambayo huweka nukta-mkato mwanzoni mwa ile mistari ya hatari. Kwa kinga hiyo sina ugomvi nawe hata kidogo, wala kasi ya programu haitabadilika.

Ukiingia katika mradi wa wengine, fuata mtindo ulioukuta. Nimeshuhudia mapitio ya msimbo yakiliwa na mabishano ya alama hii huku kosa la kweli likipita bila kuonwa, na inauma. Kipangaji kiamue, watu wajadili mantiki.

Na mkikubaliana kubadilisha mtindo, fanyeni hivyo katika komiti moja (rekodi moja ya mabadiliko katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) isiyo na jambo lingine lolote ndani yake. Kisha andikeni namba ya komiti hiyo katika faili la `.git-blame-ignore-revs` na kuielekeza Git kwa `blame.ignoreRevsFile`, mpangilio uliopo tangu toleo 2.23. Bila hivyo, `git blame`, amri inayoonyesha nani aliugusa mstari mara ya mwisho, kwa kila mstari uliobadilishwa itamtaja aliyeweka nukta-mkato badala ya aliyeandika mantiki yenyewe.