Si mawazo, ni moyo

Juzi usiku dada mmoja wa Kisauni ameniandikia. Moyo wake huchomoka mbio bila sababu, mamake keshamnywesha kombe la zafarani mara tatu, na shemejiye anasema ni jini la baharini. Nikacheka. Kisha nikalia, maana miaka minane iliyopita huyo alikuwa mimi.

Nilikuwa jikoni kwetu Majengo, nikainama kuokota mwiko. Kuinuka, moyo umeshaondoka. Haukupanda polepole kama wa mtu anayepanda ngazi, ulianza papo hapo. Shingoni panadunda hata ushungi unatikisika. Nikajaribu kuhesabu, nikapotea. Baada ya dakika ishirini hivi, tuk, ukarudi wenyewe, na saa iliyofuata nikaenda chooni mara nne. (Hilo la mkojo niliona haya kulisema. Baadaye daktari wa moyo ndilo aliloniuliza kwanza.)

Nilipofika kliniki moyo ulikuwa umetulia. Wakanipima presha, wakaniwekea nyaya za kusoma moyo (ECG), karatasi ikatoka safi. Bwana daktari akavua miwani: "Dada, nyumbani hamgombani na mzee?" Nikarudi na vidonge vya usingizi. Najua dini inataka nisamehe. Bado sijaweza.

Ikapita miaka mitatu ya namna hiyo. Siku moja, nimeshuka feri ya Likoni, ukanishika nami sikungoja upoe. Nikaingia hospitali ya karibu, nesi akanibandika nyaya moyo ungali unakimbia: 196 kwa dakika. Hapo ndipo ugonjwa ukapata jina, SVT. Ndani ya moyo kuna njia ya ziada ya umeme, basi badala ya umeme kupita na kwisha, unazunguka na kuzunguka. Wakanidunga adenosini, dawa ya kuukata mzunguko huo. "Utajisikia vibaya kidogo," akasema daktari. Kidogo! Kifua kilibanwa, nikaona ndiyo safari, nikatoa shahada kwa sauti wodi nzima ikasikia. Sekunde chache tu. Kisha mashine ikasoma 84.

Kwa hiyo dadangu, la kwanza ni karatasi. Ukikushika, kimbilia kupimwa ungali unakimbia. Moyo uliotulia mara nyingi hausemi kitu.

La pili, omba daktari akufundishe kupuliza ili moyo utulie. Mimi hukaa nimeegemea, napuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15 kama nataka kusukuma kile kijiti, kisha nalazwa chali haraka na mwanangu ananiinua miguu kwa sekunde 15 nyingine. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 ulionyesha kuwa kwa njia hii watu 43 katika kila 100 walitulia, na kwa kupuliza tu bila kuinuliwa miguu ni 17. Ukizirai, kifua kikiuma, pumzi zikikata au moyo ukigoma kurudi, achana na bomba, nenda hospitali.

Kahawa tungu nimeacha, ingawa harufu yake magharibi hunitesa. Wa muguka mnajijua. Nameza propranolol, dawa ya kupunguza mbio za moyo; mwenye pumu asiiguse bila kumwambia daktari, inabana kifua. Kuna pia matibabu ya kupitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni na kuichoma ile njia ya ziada, na wengi hupona kabisa. Mimi sijafanya. Fedha ninayo sasa, ni woga, basi.

Lakini wanawake wenzangu, hadi lini tutaambiwa kila kinachotuuma ni mume? Sema tena. Rudi tena. Ukifukuzwa mlango huu, gonga ule. Kombe kunywa, halikatazwi, ila usilifanye likungojeshe miaka mitatu kama mimi.

Dada wa Kisauni amenijibu leo asubuhi. Daktari keshamwonyesha kupuliza, na bomba kanunua. Mamake kalikuta kwenye mkoba, kalificha, na sasa nyumba nzima inamchunguza mikono kama anadunga unga.